Kabla ya kupaka shubiri kwenye titi

Mama, kama unataka kumwachisha mtoto ziwa kwa shubiri, tazama kwanza ule utomvu wa njano unaotoka ukikata jani. Ndio wenye uchungu, na ndio unaoendesha tumbo. Mtu mzima huunywa kusafisha tumbo. Mtoto mdogo akiulamba anaweza kuharisha hadi aishiwe maji mwilini. Ni afadhali umpunguzie kunyonya kidogo kidogo, ukianza na mchana. Akiharisha, mpe ORS na umpeleke kituo cha afya.

Na hata hiyo shubiri mwitu kuipata Pwani siku hizi ni kazi. Nyanya yangu kule Kilifi aliikata nyuma ya nyumba. Sasa pale pana ukuta wa ploti. Aina moja, Aloe kilifiensis, porini hupatikana pwani ya Kenya na Tanzania tu. Rais alipiga marufuku uvunaji wa shubiri mwitu mwaka 1986, kwani ilikuwa ikivunwa kupita kiasi. Kumbe ukikata majani mawili matatu ya chini, mmea huendelea kukua.

Chipukizi nililopewa na jirani nimelipanda kwenye ndoo mbovu, juu ya ukuta, mkono wa mtoto usikofika.