Daktari wa Ardhini kwa Mgonjwa wa Angani
Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2013 ulichambua dharura 11,920 za kiafya ambazo mashirika matano ya ndege yaliziripoti katika kituo kimoja cha madaktari. Abiria aliye daktari alisaidia katika asilimia 48.1 tu ya matukio. Ndiyo maana ushauri wa daktari aliye ardhini, kwa redio au simu ya setilaiti, si anasa: wahudumu humweleza dalili, naye huwaelekeza dawa ya kutoa na kumshauri rubani iwapo atue mapema. Ndege zilizokatiza safari zilikuwa asilimia 7.3. Uamuzi wa kutua, na ni sawa iwe hivyo, hubaki kwa rubani mkuu, ajuaye mafuta yaliyosalia na hali ya hewa.