Usiku Ule Ni Zamu Yetu



Hapa Ipole, wilayani Sikonge, theluji tunaisikia katika habari tu. Lakini kukwama njiani tunakujua. Hapa barabara itokayo Tabora hugawanyika, moja kwenda Mpanda na nyingine Rungwa, na masika ya nguvu yamewahi kuwalaza wasafiri porini. Kwa hiyo yaliyoupata mji wa Buffalo, Marekani, yanatuhusu.

Mji ule umezoea theluji na una mitambo ya kuiondoa. Lakini dhoruba iliyoanza Ijumaa, tarehe 23 Desemba 2022, iliikwamisha hata mitambo hiyo, pamoja na magari ya zimamoto na ya wagonjwa. Kwenye uwanja wa ndege theluji ilizidi mita 1.3. Watu zaidi ya 40 walikufa mjini na jirani yake, wengine ndani ya magari, wengine majumbani wakingoja msaada.

Usiku huo fundi mmoja aliyekwama alibisha hodi nyumba baada ya nyumba, akaahidi dola 500 ili alale sakafuni tu. Akakataliwa. Mwishowe alivunja dirisha la shule, akawaingiza na wengine, zaidi ya 20, wakapona. Alipoondoka aliacha barua ya kuomba radhi. Polisi walimtafuta, si kumkamata bali kumshukuru.

Ilikuwa siku mbili kabla ya Noeli! Hata hivyo tusiwahukumu upesi waliofunga milango. Walimwogopa mgeni, na hofu hiyo hata sisi tunayo.

Soma Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Meli ya Paulo ilipovunjika, watu 276 walifika Malta wamelowa. Wenyeji, ambao hawakuwa wamesikia Injili, waliwasha moto na kuwapokea wote, wafungwa na askari, bila kuwabagua.

Je, basi likikwama usiku kijijini kwako, mama mwenye mtoto mgongoni atapokelewa, au chumba cha elfu kumi kitageuka cha elfu thelathini? Greda la serikali litakuja asubuhi. Usiku ule ni zamu yetu. Jumuiya ndogo ndogo zikubaliane mapema, kabla ya mvua: nani ana nafasi, nani ana mkeka, nani atapika uji. Anayeogopa kumpokea mgeni peke yake, ampokee pamoja na jirani.

Kristo alisema kwamba siku ya mwisho tutaulizwa juu ya mgeni. Tusimwache nje.

Dominika njema.