Haba na Haba Isipojaza Kibaba

Nilipokuwa mdogo nilitumwa dukani mara nyingi kununua kibaba cha mchele. Mwenye duka alikijaza, kisha akapitisha kijiti juu yake, na punje zilizozidi zikarudi guniani. Hicho ndicho kipimo cha mfuto, na hakina dhuluma, maana muuzaji na mnunuzi wamekubaliana. Lakini lau mtu angaliingia usiku akakipunguza kibaba chenyewe, mtaa mzima ungalipunjwa pasi na kujua.

Jambo la namna hiyo limewahi kutokea ndani ya kompyuta, nami naona yafaa tulizungumze.

Kompyuta haifahamu maandishi ya mtungaji programu mpaka yafasiriwe na programu nyingine iitwayo kompaila. Mojawapo itumiwayo sana ni GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987. Kompaila hiyo ina amri ya kuharakisha hesabu za desimali, kwa sharti kwamba mwenye kuagiza yu radhi kupoteza usahihi kidogo. Hapo hapana ubaya. Huo ni mfuto wa mapatano.

Ubaya ulikuwa hapa. Mtu alipounda maktaba ya programu kwa amri hiyo, kompaila ilitia ndani yake kipande kidogo cha maagizo. Maktaba ile ilipopakiwa na programu ya mtu mwingine, kipande kile kiligeuza swichi ndani ya prosesa, na tangu hapo nambari ndogo mno zikageuzwa sifuri. Nasema ndogo mno: nukta, kisha sifuri 307 au zaidi, ndipo ije tarakimu nyingine. Mwenye programu hakuagiza wala hakuarifiwa.

Atauliza mtu, "Kitu kidogo kiasi hicho kina kazi gani?" Namjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya kanuni ya IEEE 754 kupitishwa mwaka 1985, mtaalamu William Kahan alizipigania sana nambari hizo. Bila ya hizo, nambari mbili zisizo sawa zaweza kutolewa moja kwa nyingine na jawabu likawa sifuri. Mwanasayansi akigawanya kwa sifuri hiyo, hesabu yake imeharibika; naye atajilaumu mwenyewe, ilhali kosa limetoka kwa jirani.

Kasoro hiyo iliripotiwa mwaka 2012. Mwaka 2022 ikadhihirika kwamba vifurushi kadhaa vya lugha ya Python, vilivyogawiwa watu hadharani, vilikuwa nayo. Tiba ilikuja na GCC 13 mwaka 2023: maktaba ya pamoja haitiwi tena kipande kile, hata ikiundwa kwa amri ya haraka.

Mimi siichukii haraka. Mwenye kuitaka na aipunje hesabu yake mwenyewe, kwa hiari yake. Ninalolipinga ni mtu kuharakisha mambo yake kwa kipimo cha wenzake, na zaidi ninapinga kosa lililokwisha julikana kuachwa miaka 10 na ushei. Waliolitengeneza wanastahili shukrani, ingawa wengi wanaonufaika hawatajua kamwe kwamba kibaba chao kilikuwa pungufu.