Rubani Hana Mnara

Nilipokwenda Malindi kwa mabasi, kutoka hapa Chang'ombe, wenzangu walinicheka: "Mwalimu, unakwenda Italia?" Walikuwa na sababu. Waitaliano walianza kufika pale miaka ya sitini, walipojenga kituo cha San Marco huko Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka baharini. Baadaye zikaja hoteli, majumba ya kifahari na maduka ya piza.

Piza sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema, pale na hata hapa kwetu, kwamba kabla ya Waitaliano Malindi ilikuwa kijiji cha wavuvi tu. Ni kijiji gani hicho kilichompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415? Na Gede, mji wa mawe uliomo msituni karibu na Watamu, wenye msikiti mkuu, visima na vyoo vya ndani, je, nao waliujenga wenye hoteli?

Kwenye mnara wa Vasco da Gama nilimkuta kijana akiwatembeza wageni kwa Kitaliano safi. Zamu yangu ilipofika akanieleza kwa Kiswahili kwamba da Gama aligundua njia ya kwenda India.

"Mwanangu, nani aliyemwonyesha?"

Kimya.

Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpa da Gama rubani (neno hili lilikuwa la baharini kabla halijapanda ndege), na kwa chini ya siku thelathini wakafika pwani ya Kalikut. Njia aliyoizoea rubani imegunduliwaje na abiria? Abiria ana mnara. Rubani hana hata kibao.

Mtaniambia kijana anatafuta riziki. Naam, na wala simlaumu. Mimi nimefundisha walimu miaka mingi, na katika mitihani nimesahihisha kwa kalamu nyekundu jibu lile lile, "Vasco da Gama aligundua njia," nikaliwekea vema na alama mbili. Walimu hao nao wakaenda kufundisha watoto. Sasa nimlaumu nani?

Nilimlipa kijana ujira wake, nikamsihi awasimulie Waitaliano wa kesho habari za rubani wa Malindi.

"Sawa, mzee," akasema. "Lakini huyo rubani aliitwa nani? Wataniuliza."

Sikuwa na jibu.