Wacha turushe mateke yetu hadharani

Wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la polisi lilisimama kando ya uwanja tunaofanyia mazoezi huku Eastlands. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tumepanga mistari miwili, hatuna viatu, tunahesabu kwa Kijapani kama kawaida ya karate: ichi, ni, san. Karao mmoja akashuka. Akatuangalia kama dakika mbili hivi, kisha akauliza, "Nyinyi mnajiandaa kwenda kupigana na nani?"

Hakuna aliyejibu. Kocha wetu akasonga mbele polepole, mikono ikionekana, akamwamkua, "Habari ya asubuhi, afande," halafu akamweleza. Afande akasikiza, akatikisa kichwa, akasema tutafute ukumbi kwa sababu watu wakituona hivi wanaogopa. Akaenda zake. Hakumshika mtu na hakuitisha kitu, na kusema kweli kwa viwango vya mtaa wetu huo ni uungwana.

Lakini lile neno la kutafuta ukumbi lilibaki. Siku hiyo hatukumaliza mazoezi. Tulikaa chini kwenye vumbi tukabishana, na nusu ya wenzangu walikuwa upande wa afande. Walisema sanaa ya kupigana si kitu cha kuanika kama nguo. Wengine wakasema tunajianika kwa wezi, wanajua tunachojua. Mmoja akasema, na huyu alinikera zaidi, kwamba mabingwa wa kweli hujificha.

Hiyo ya mwisho najua ilikotoka. Wengi wetu tulilelewa na filamu za kung fu kwenye vibanda vya video, DJ Afro akitutafsiria kila ngumi na kuongeza zake. Katika filamu hizo bingwa yuko mlimani, ana ndevu nyeupe hadi kifuani, na ile mbinu kali hamwonyeshi mtu mpaka siku anayokata roho. Tamu sana. Shida ni kwamba tulikua tukidhani ndivyo mambo yalivyo.

Ukweli ni kwamba walioficha sanaa hizi walificha kwa sababu zao, na mara nyingi sababu yenyewe ilikuwa hofu. Chukua karate yenyewe. Kule Okinawa, Gichin Funakoshi alipokuwa kijana alikuwa akienda kwa mwalimu wake usiku na kufanya mazoezi uani gizani, kwa sababu sanaa ile ilikuwa ikifunzwa kwa siri. Huyohuyo Funakoshi ndiye aliyeenda Tokyo mwaka wa 1922 akaionyesha mbele ya watu, na baadaye ikaingia kwenye vyuo vikuu vya Japani. Kama angeendelea kujificha, mimi hapa Nairobi ningekuwa nahesabu kwa lugha gani?

Au uende Brazil. Capoeira ilianzishwa na Waafrika waliopelekwa kule utumwani, wengi wao wakitoka pande za Angola. Mwaka wa 1890 sheria ya adhabu ya nchi hiyo iliifanya kuwa kosa. Ukipatikana barabarani ukiicheza, ulikuwa unaenda ndani. Watu waliendelea kuicheza hivyo hivyo, wakiifunika kwa ngoma na nyimbo. Kisha katika miaka ya 1930 Mestre Bimba akafungua shule yake Salvador, mlango wazi, na serikali ikaitambua mwaka wa 1937. Leo wanacheza kwenye duara, katikati ya barabara, na watalii wanalipa kuja kuona. Watu ni walewale na mateke ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba walioogopa walipata nafasi ya kuona kwa macho yao.

Bruce Lee naye, ambaye bado sura yake iko kwenye matatu zetu zaidi ya miaka 50 tangu afariki, mwanafunzi wake wa kwanza kule Seattle alikuwa Mmarekani Mweusi, Jesse Glover. Kuna Wachina waliochukia kwamba anawafunza watu wa nje. Yeye aliendelea, na walifanyia mazoezi popote palipopatikana, hata kwenye gereji. Hakusubiri hekalu.

Sasa turudi mtaani. Niseme kitu ambacho sijawahi kuandika. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, nilikaa nyumbani miezi mingi bila ratiba yoyote. Unaamka saa nne, unashika simu, unalala. Kabla sijapata kundi hili la uwanjani, nilijiunga na klabu moja ya ndani. Kocha wake simtaji. Alikuwa na chumba ghorofa ya pili, pazia nzito, mlango unafungwa kwa komeo mazoezi yakianza. Mwezi wa tatu akaanza kuuza alichokiita mbinu za ndani. Ulikuwa unalipa kando, na ulikuwa unaapa kutomwambia mtu. Mimi, mtu mzima, niliapa.

Kwa miezi mitano hatukuwahi kupambana hata mara moja na mtu wa klabu nyingine. Sababu yake? Eti mbinu zetu ni hatari mno, tutaua mtu. Nikaamini. Kisha rafiki akanipeleka kwenye jimu ya mabondia, moja ya zile zenye gunia lililoshonwa kwa gundi ya nailoni na madirisha yasiyo na vioo, wapita njia wanachungulia na kupiga kelele za ushauri. Nikapandishwa ulingoni na kijana wa miaka kumi na sita. Sikumgusa. Alinipiga ngumi ya kushoto, ileile moja, mpaka macho yakatoa machozi yenyewe. Watoto waliokuwa dirishani walicheka hadi wakashuka chini.

Ile aibu ilikuwa darasa bora kuliko miezi yangu mitano. Mabondia wetu hawana siri. Alfajiri unawaona wakikimbia kando ya barabara na majasho yao, wakipiga hewa kwenye stendi, makanga wakiwatania. Ukitaka kujua kama mtu anajua, unaingia, unaona. Nchi iliyomtoa Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka wa 1988, haikufika pale kwa kufunga mapazia.

Na si sisi peke yetu tuliodanganywa na mapazia. Mwaka wa 2017 huko Chengdu, China, mpiganaji wa kisasa Xu Xiaodong alipambana na Wei Lei, mtu aliyejiita bingwa wa taichi. Pambano liliisha chini ya nusu dakika, na Wei Lei ndiye aliyekuwa chini. Video ikazunguka dunia nzima. Watu wengi walimkasirikia Xu, kwamba ameaibisha utamaduni. Mimi naona alifungua dirisha tu. Aliyeaibisha utamaduni ni yule aliyewauzia watu nguvu ambazo hazikuwa zimewahi kujaribiwa.

Lakini sababu yangu kubwa ya kutotaka ukumbi haihusu ubingwa hata kidogo. Inahusu mama mmoja anayeuza mandazi kando ya uwanja wetu. Binti yake ana miaka kumi na mitatu, na ndiye mdogo zaidi kwenye mstari. Siku ile tulipokuwa tukibishana, mama alikuwa amesimama pale akisikiza, na tulipofika kwenye habari ya ukumbi akasema, "Mkiingia ndani, wangu haingii." Hakuelezea zaidi, na hakuna aliyemwomba aeleze. Sote tulielewa.

Tufikirie kidogo kazi yenyewe ilivyo. Kocha anakushika mkono anyooshe ngumi. Anakusukuma nyonga ikae sawa. Mnavutana, mnaangushana, mnalaliana chini. Mtoto anafunzwa kutii bila kuuliza, anainama mbele ya mwalimu akiingia na akitoka. Hayo yote ni sawa, ndivyo mchezo ulivyo. Sasa yaweke hayo hayo nyuma ya mlango wa komeo, na mtu mmoja tu ndiye mwenye ufunguo. Sisemi kila kocha wa ndani ni mbaya, wapo waungwana wengi. Nasema mama wa mandazi hana njia ya kujua ni yupi, isipokuwa macho yake mwenyewe. Uwanjani anaona kila kitu huku akigeuza mandazi. Hakuna cheti wala mkanda mweusi unaoweza kumpa uhakika huo.

Halafu kuna suala la doh. Ukumbi tulioulizia unataka elfu moja na mia tano kwa saa mbili. Kwa watu kumi na mmoja si nyingi, utaniambia. Lakini kati ya hao kumi na mmoja, wanne ni wanafunzi na watatu wanabeba mawe kwenye mjengo wiki wakipata na wiki wakikosa. Tukianza kulipisha, watakaobaki ni wale ambao hawakuhitaji sana kuwa pale.

Kuhusu watu kuogopa, naomba tuulizane ukweli. Vijana kumi na mmoja wakifukuza mpira asubuhi hiyo hiyo, nani anasimamisha gari? Wakipiga makofi ya maombi pembeni ya uwanja huo, nani anawauliza wanajiandaa kwa nini? Huku kwetu kijana akisimama na wenzake watatu pahali ameshakuwa kundi, mazoezi au hakuna. Kwa hivyo kujificha hakutusaidii. Tukiwa ndani tutaambiwa tunafunza genge kisiri, na hapo hatutakuwa na shahidi hata mmoja. Uwanjani tuna mashahidi mtaa mzima, kuanzia watu wa boda mpaka mlinzi wa ghorofa.

Sasa kuna jambo moja ambalo wenzangu walinishinda, na sitajifanya halipo.

Nina rafiki anayeendesha boda. Mwaka jana, usiku, akitoka kumshusha abiria, walimsimamisha wawili, mmoja na kisu. Rafiki yangu alikuwa ameangalia kwenye simu zile klipu za kunyang'anya mtu kisu: unashika kifundo, unazungusha, kisu kinaanguka, muziki unapanda. Akajaribu. Alishonwa nyuzi nane kwenye kiganja na simu ikaenda vilevile. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji vizuri mpaka leo, na mkono wa kushoto ndio wa klachi.

Klipu aliyoangalia haikuwa yetu. Lakini sisi tulikuwa na yetu kama hiyo hiyo, na niliyeirekodi na kuikata vizuri, nikaipunguza mwendo pale kisu cha plastiki kinaporuka, ni mimi. Nilirekodi mara sita kabla mwenzangu hajafanikiwa. Zile mara tano alizochomwa tumboni nilizitupa. Niliifuta klipu ile siku niliyotoka kumwona hospitalini, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza imeenda wapi.

Kwa hivyo aliyesema kwamba tunajianika hakuwa amekosea kabisa, alikosea mahali pa kulenga. Kufanya mazoezi hadharani na kujionyesha hadharani ni vitu viwili. Uwanjani mama wa mandazi anaona nikianguka mara tano. Anaona kocha akinirudisha mwanzo. Anaona kwamba binti yake amefanya teke lile lile tangu Januari na bado kocha hajaridhika. Kwenye TikTok anaona mara ya sita tu. Mtu akiiga anachokiona uwanjani, ataiga kuhema na kurudia. Akiiga klipu, ataiga kile kisu kinachoruka.

Mimi ni mwanablogu, siwezi kuwaambia watu waache kurekodi, nitakula nini. Ila tumekubaliana sheria moja kwenye kundi: tukiweka video, tunaweka raundi nzima bila kukata, na za kupokonya watu silaha hatuweki kabisa. Watazamaji wamepungua sana. Video ya juzi ya dakika tatu, watu wawili wakipigana vibaya kwenye vumbi na mmoja akisimama kutafuta pumzi, imepata watu wachache kuliko waliokuwa uwanjani wakituangalia moja kwa moja. Sawa tu.

Kuna watakaosema kwamba wezi pia watakuja kuangalia na kujifunza. Waje. Mwizi mwenye subira ya kusimama kwenye baridi saa kumi na mbili asubuhi, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, akirekebishwa mguu na mtoto wa miaka kumi na mitatu, huyo nadhani tutakuwa tumempatia kazi nyingine.

Barua tulipeleka kwa chifu Jumatatu, na nakala kituoni, ikiwa na majina yetu yote na saa za mazoezi. Bado hatujajibiwa. Wale wenzangu wa upande wa ukumbi hawajabadilisha mawazo, lakini wamesema watakuja. Jumamosi tuko pale pale, na mama ameshasema ataleta kiti.