NATI ILIYOSHIKA HAITAKI UBABE



Kila masika yakiisha na mpunga ukianza kuvunwa, gari la ushirika hutakiwa kila upande kwa siku moja. Ndipo hapo ekzosi nayo inapoanza kunguruma, maana imeshinda miezi kadhaa kwenye matope na madimbwi. Fundi analala chini ya gari kufungua nati zilizoshika kutu, na kila apitaye anamhimiza: "Weka nguvu, bwana, mpunga unangoja!" Maoni yangu ni kwamba sisi wenye kuhimiza ndio tunaoliharibu gari.

Tuelewe kwanza kwa nini nati ya ekzosi inashika kuliko nyingine. Bomba lile linapata moto mkali kila safari, na likiwa bado la moto linaingia kwenye maji. Moto unaunguza grisi yote, maji yanaleta kutu. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inajaa katikati ya nyuzi za nati na bolti, inabana kama kabari. Ukienda kwa nguvu tupu, ama pembe za nati zinalika na spana inazunguka bure, ama bolti inakatika.

Kukatika ndiko kubaya zaidi. Nati ni kitu cha bei ndogo. Lakini studi ikikatikia ndani ya silinda hedi, inabidi kuitoboa kwa drili, na mkono ukiteleza kidogo hedi yenyewe inaharibika. Hapo gari linasimama na magunia yanalala shambani. Kwa hiyo kanuni yetu iwe hii: nati iharibike, studi ipone.

Kazi yenyewe haina uchawi. Jioni, ekzosi ikiwa imepoa, sugua kutu kwa brashi ya waya na utie mafuta membamba. Kama hakuna ya dukani, dizeli inasaidia. Asubuhi tia tena. Gonga nati pande zake kwa nyundo ili kutu ipasuke na mafuta yapenye. Kisha tumia spana ya ringi yenye pembe sita, si ya mdomo. Nati ikianza kulegea usiikimbize: fungua kidogo, rudisha kidogo, ongeza mafuta.

Namba ya spana nayo ni muhimu. Land Rover za zamani na matrekta mengi ya zamani ya Kiingereza yana nati za inchi, magari ya Kijapani yana za milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiweka spana namba 13 inaingia, nawe unafurahi, kumbe inacheza, na kucheza huko ndiko kunakokula pembe.

Kama pembe zimeshalika, bado kuna njia. Piga tupa pande mbili za nati, uingize kwa nyundo spana ndogo zaidi. Ikishindikana, mwenye mashine ya kuchomelea aunge nati kubwa juu ya ile mbovu. Moto wenyewe unasaidia kuachanisha kutu. Mwisho kabisa, ipasue nati kwa tindo au msumeno wa chuma, ukijihadhari usiguse nyuzi za studi.

Lakini jamani, moto usisogezwe karibu na tangi wala mpira wa mafuta, na mafuta uliyotia yafutwe kwanza. Anayepiga tindo avae miwani. Na mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Wekeni magogo imara na kabari kwenye magurudumu.

Wapo watakaosema: siku za mavuno hatuna usiku wa kungoja mafuta yapenye. Nami nauliza, usiku huo gari si limelala tu? Wengine watasema, basi tuendeshe hivyohivyo, linguruma lisingurume. Hapana. Ekzosi inayovuja inaweza kuingiza ndani ya gari hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na hewa hiyo inaua. Tena sisi tunaegesha penye nyasi na mabua makavu ya mpunga. Cheche moja ikitoka pale palipovuja, jasho la mwaka mzima linaungua.

Napendekeza mkutano uamue mambo matatu. Kwanza, ekzosi ikaguliwe kabla ya mavuno, si gari likishakwama. Pili, tununue spana za pembe sita, za milimita na za inchi, zikae stoo ya ushirika kwa kuandikishwa. Tatu, wakati wa kufunga tuweke nati mpya za shaba, ambazo hazishiki kutu kwenye studi ya chuma.

La mwisho ni la malipo. Tumezoea kumsifu fundi anayefungua kwa dakika kumi na kumnung'unikia anayesema, "Nimetia mafuta, njooni kesho." Huyu wa kesho ndiye anayetuokolea fedha. Tumlipe kwa studi iliyotoka nzima, na tumwache afanye kazi yake bila kelele zetu.

Haya ni maoni yangu. Asiyekubaliana nami naye aandike, ubao huu ni wetu sote.

Mwanachama mwenzenu,
Lipangalala