Kiwanja cha Watu Wote

Wako wasemao ya kuwa kiwanja kitupu katikati ya mji ni hasara, kwa maana hakileti kodi. Na wautazame mji wa Portland, Marekani. Mahali paitwapo Pioneer Courthouse Square palikuwa na shule, kisha hoteli kubwa tangu mwaka 1890. Hoteli ilibomolewa mwaka 1951, pakawa mahali pa kuweka motakaa. Baadaye raia walitaka kiwanja. Fedha zilipopungua, maelfu yao walinunua matofali, yakaandikwa majina. Kilifunguliwa mwaka 1984. Hapo tajiri na maskini huketi ngazi moja. Motakaa zaweza kuwekwa pengine. Bali mji usio na mahali pa watu kukutana ni nyumba isiyo na baraza.